Matandiko ya banda la kuku: usafi wake ni ukavu, si maji

 

Mada yetu ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Tumezoea kuzungumza hapa juu ya malaria, kisukari, presha na lishe ya watoto. Leo tuangalie kitu kilichopo nyuma ya nyumba nyingi za Waislamu, mjini na shamba, nacho ni banda la kuku, hasa kile kinachotandikwa chini yake. Wengi tunajali chakula cha kuku na chanjo, lakini sakafu tunaiacha ijiendeshe yenyewe. Kumbe kwenye sakafu ndiko yanakoanzia maradhi mengi ya kuku, na mengine ya wenye kuku.

Bibi na mjukuu wake

Katika masika ya mwaka mmoja, bibi mjane alimleta zahanati mjukuu wake wa miaka 3 anayebanwa na kifua. Nilimpima, nikamwandikia dawa, akapata nafuu. Baada ya wiki tatu akarudi na hali ile ile, nikamwandikia tena. Aliporudi mara ya tatu, ndipo nilipouliza swali ambalo ilinipasa niliulize siku ya kwanza: "Bibi, nyumbani mnafuga nini?"

Akanijibu: "Kuku tu, mwanangu. Hao ndio wanaotuweka mjini."

Baada ya swala ya Alasiri nilikwenda kwake. Banda lilikuwa limeegeshwa kwenye ukuta, chini kabisa ya dirisha la chumba anacholala mtoto. Kabla sijainama kuchungulia, macho yalianza kuwasha. Maranda ya chini yalikuwa yameshikana kama keki iliyolowa, na juu yake yametupwa maranda mapya. Mwezi ule alikuwa na vifaranga 30, na 17 walikuwa wameshakufa kwa kuhara damu.

Msomaji, usije ukadhani bibi yule alikuwa mvivu au mchafu. Kinyume chake kabisa! Kila siku baada ya Alfajiri alichota ndoo ya maji, akatia dawa ya klorini na kuimwaga bandani, kisha akatupia maranda juu. Alikuwa akijitahidi kuliko majirani zake wote, na juhudi ile ile ndiyo iliyokuwa ikimdhuru.

Kwa nini maji hayafai bandani

Sisi Waislamu tumelelewa na maji. Tunatawadha, tunaoga janaba, tunafua, tunastanji. Ndiyo maana mtu akisikia neno usafi, mkono wake hukimbilia ndoo. Lakini tukumbuke tulichofundishwa madrasa katika mlango wa tahara. Najisi yenye dhati inayoonekana huondolewa kwanza dhati yake, kisha ndipo panapoosheka. Ukimwaga maji kidogo juu ya najisi ambayo bado ipo, hujatoharisha kitu, umeieneza tu. Somo la tiba linasema vivyo hivyo. Dawa ya kuua vijidudu ikimwagwa juu ya kinyesi, nguvu yake huishia kwenye uchafu na vijidudu vingi hubaki hai.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Kuku mkubwa mmoja hutoa kinyesi cha takriban gramu 100 au zaidi kwa siku, na kiasi cha robo tatu ya uzito huo ni maji. Ukiwa na kuku 20, kila siku wanaongeza sakafuni karibu lita 1 na nusu ya maji kabla ya mvua kunyesha na kabla ya chombo cha kunyweshea kumwagika. Kazi ya matandiko ni kuyanyonya maji hayo na kuyaachia hewani polepole. Nawe ukileta ndoo nyingine, unayafanya yashindwe kazi yake.

Unyevu huo una hatari tatu.

Ya kwanza ni hewa ya amonia. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha kuku ina asidi ya yuriki. Ikipata unyevu na joto, bakteria huigeuza kuwa amonia, ambayo ndiyo harufu kali inayochoma pua na macho. Huunguza njia ya hewa ya kuku na kuwafanya wepesi kushikwa na mafua. Mwenye pumu anayelala jirani na banda naye huumia. Kanuni rahisi ni hii: ukiinama hadi usawa wa kichwa cha kuku na ukahisi harufu inachoma, basi matandiko yako yamekwisha kuharibika.

Ya pili ni kuhara damu, ugonjwa unaosababishwa na vijidudu viitwavyo koksidia. Mayai ya vijidudu hivi yakitoka na kinyesi hayawezi kuambukiza papo hapo. Yanahitaji unyevu, joto na hewa kwa muda wa siku 1 hadi 2 hivi ili yakomae. Sakafu ikiwa kavu, mengi hufa njiani, na ikilowa, vifaranga huyadonoa yakiwa tayari. Tena mayai hayo yana ganda gumu ambalo klorini ya kawaida haiyawezi. Hapo ndipo walipopotelea vifaranga 17 wa bibi yule.

Ya tatu ni ukungu. Matandiko yaliyolowa kisha yakafunikwa huota ukungu, na vifaranga wakivuta mbegu zake hupata maradhi ya mapafu, wakawa wanahema midomo wazi hadi kufa.

Liko na onyo kubwa zaidi, nami naomba ulishike vizuri. Usimwage klorini juu ya kinyesi cha kuku kilicholowa. Klorini ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu inayoshambulia mapafu. Ndiyo hewa iliyokuwa ikipanda dirishani kwa mtoto yule kila asubuhi.

Kitu gani kitandikwe

Maranda ya seremala ndiyo bora kwa wengi wetu, yaani yale mapana yanayojikunja yatokayo kwenye randa. Unga laini wa msumeno haufai, kwa sababu unatimua vumbi na vifaranga huula. Muulize seremala kama mbao zile zilipakwa dawa ya mchwa au rangi, na kama zilipakwa, usiyachukue.

Maganda makavu ya mpunga nayo ni mazuri, na kwenye maeneo ya mpunga hupatikana kwa urahisi. Hayanyonyi maji kama maranda, lakini hayashikani upesi. Majani makavu na nyasi zilizokatwakatwa vipande vifupi hufaa kwa mwenye uwezo mdogo, ila zisiwe ndefu, kwa kuwa husokotana na kutengeneza mkeka unaozuia hewa. Maganda ya karanga tumia kwa hadhari, kwani huota ukungu upesi. Chochote utakachochagua, kianike juani kwanza, na kama kina harufu ya uvundo usikiingize bandani.

Na magazeti je? Karatasi huteleza, na miguu ya vifaranga hupanuka ikalemaa. Zaidi ya hapo, gazeti kama hili ulilolishika lina jina la Allah (S.W.) na aya zake. Si adabu likanyagwe na kuku.

Namna ya kutandika na kutunza

Anza na sakafu iliyo juu kuliko ardhi ya nje, ili maji ya mvua yasiingie. Tandika maranda makavu kwa kina cha sentimita 10. Kwa banda la mita 2 kwa mita 2 utahitaji kama ndoo 20 za lita 20. Usiwajaze kuku. Eneo hilo lichukue kuku wakubwa 20, wasizidi, na wakipungua ni bora zaidi. Hakuna matandiko yatakayomwokoa aliyebananisha kuku 50 mahali pa 20.

Kila asubuhi fanya mambo mawili. Kwanza, ondoa kinyesi kilicho chini ya fito za kulalia. Kuku hutoa sehemu kubwa ya kinyesi usiku akiwa juu ya fito, kwa hiyo ukiweka ubao au kipande cha turubai chini yake, utakusanya kwa dakika 5 kile ambacho kingeharibu banda zima. Pili, kagua pembeni mwa chombo cha maji. Palipolowa pakwanguliwe na kutolewa nje siku hiyo hiyo, kisha paongezwe makavu. Usifunike kilicholowa kwa kikavu. Chombo chenyewe kiinue juu ya matofali au wavu, kiwe usawa wa mgongo wa kuku, wasiweze kukipekua.

Kila baada ya siku 2 au 3 yageuze matandiko kwa reki ili hewa ipite chini. Ukiwatupia punje chache za mahindi au mtama, kuku watachakura wenyewe na kukusaidia kazi.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, chota matandiko na uyaminye. Yakibaki donge, yamelowa mno. Yakishikana kidogo kisha yakaachia yenyewe, yako sawasawa. Yakimwagika kama vumbi, yamekauka kupita kiasi na yataleta kikohozi.

Ukiendelea hivyo na kuongeza tabaka jembamba kila inapohitajika, matandiko yanaweza kukaa miezi kadhaa bila kutolewa yote. Wasiopenda njia hii watoe yote kila wiki na kuweka mapya. Njia zote mbili ni sahihi. Linaloharibu ni kuchanganya, kwa mtu kuyaacha yakae bila kuyageuza wala kuyatoa.

Kuhusu chokaa, wapo wanaoinyunyiza juu ya matandiko kuku wakiwa ndani. Chokaa huunguza miguu na macho ya kuku, na ikikutana na kinyesi kilicholowa huzidisha kutoka kwa amonia. Mahali pake ni ukutani, banda likiwa tupu. Majivu makavu ya kuni yawekwe kwenye beseni pamoja na mchanga, kuku wajigaragaze humo kupunguza chawa na utitiri.

Uwanja wa nje

Ukiwa na uzio wa kuku kutembea mchana, tatizo kubwa ni matope ya masika na vuli. Chimba mfereji mdogo upande wa juu ili maji ya mvua yapite pembeni, na upenu wa banda usimwage maji uwanjani. Matope yaliyokwisha kuchanganyika na kinyesi yakwangue kwanza, ndipo umwage mchanga au maranda makubwa. Ukifunika matope, umejitengenezea bwawa chini ya zulia. Ukiweza, gawa uwanja sehemu mbili, moja itumike na nyingine ipumzike ikipigwa jua.

Uwanja usipakane na shimo la choo wala mfereji wa maji machafu. Wanazuoni wamezungumzia mnyama aitwaye jallala, ambaye chakula chake kikubwa ni najisi, na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) imekatazwa kumla. Imepokewa pia kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku 3 kabla ya kumla. Hii haina maana kwamba kila kuku anayechakura ni jallala. Katika Sahihi ya Bukhari tunasoma kuwa mtu mmoja alisita kula kuku kwa sababu aliwahi kumwona akila uchafu, na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) akamkaribisha, akimweleza kuwa alimwona Mtume (s.a.w.) akila kuku. Tusiwe wazembe, wala tusitiane uzito.

Na kumbuka kuwa ukishamfungia mnyama, mahitaji yake yote yamekuwa juu yako. Ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie, iliyomo katika Bukhari na Muslim, haimhusu paka peke yake.

Madhara kwa watu wa nyumbani

Kuku anaweza kuonekana mzima huku akibeba bakteria wa salmonela na kampilobakta, ambao humletea mtu homa, kuharisha na maumivu ya tumbo. Walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka 5, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu. Mtoto anayetambaa hutia mkono sakafuni kisha mdomoni, kwa hiyo kuku wasiingie sebuleni, jikoni wala chumbani, hata kama ni kwa kuogopa wezi. Katika kinyesi cha ndege cha muda mrefu kunaweza pia kuota aina ya ukungu iitwayo histoplazima, ambayo ikivutwa pamoja na vumbi huingia mapafuni. Mwenye kikohozi kisichoisha akija zahanati, amweleze tabibu kama anafuga. Nasi matabibu tuulize, tusisubiri mara ya tatu.

Najisi, nguo na mayai

Katika madhehebu ya Imam Shafii (r.a.), ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kinyesi cha kuku ni najisi ingawa nyama yake ni halali. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine wenye rai tofauti. Kwa wetu, njia salama ni kuwa na kanga au shati kuukuu la bandani, na kandambili zisizovuka mlango wa nyumba. Ukitoka, nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde zisizopungua 20, kisha ndipo ushike mtoto, chakula au mswala.

Hapa fiqhi na tiba zinakutana mahali pazuri. Tulisomeshwa kwamba najisi kavu ikigusana na kitu kikavu haihamishi hukumu yake, na inayohamisha ni rutuba. Vijidudu navyo vingi husafiri na unyevu. Basi banda kavu linakupunguzia mashaka ya swala na mashaka ya tumbo kwa pamoja.

Mayai yenye kinyesi yapanguse kwa kitambaa kikavu unapoyaokota. Usiyaloweke kwenye maji baridi na kuyaweka, kwa sababu ganda lina vitundu na vijidudu vinaweza kuingia ndani. Yaoshe kwa maji ya vuguvugu pale tu unapotaka kuyavunja. Viota vikiwa na maranda safi na makavu, mayai mengi yatatoka safi bila taabu.

Siku ya kutoa matandiko yote

Watoto na wenye pumu wakae mbali. Funika pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa kizito, nyunyiza maji kidogo sana juu ili vumbi lisiruke, na simama upande unaotoka upepo. Koleo litangulie, halafu ufagio, halafu maji na sabuni. Sakafu ikiwa haina tena chembe ya kinyesi, ndipo klorini iliyozimuliwa ipite, isuuzwe, na banda liachwe wazi likauke kabisa kwa siku moja au mbili. Ndoo ina wakati wake, na wakati wake ni huu.

Matandiko yaliyotolewa usiyatupe mferejini. Yarundike mbali na kisima, yafunike na kuyageuza kila wiki mbili. Rundo likiwa zuri huwa na joto ambalo mkono hauvumilii, na joto hilo huua vijidudu vingi. Baada ya miezi 3 hivi, likiwa jeusi na lenye harufu ya udongo, linafaa kwa migomba, mchicha na bamia. Mbolea mbichi huunguza mimea, na haifai kabisa kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa. Kuhusu kuiuza, wanazuoni wana maelezo yao, basi muulize sheikh wako.

Haki ya jirani

Jibril (a.s.) alimuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani mpaka Mtume akadhani kuwa atamrithisha. Jirani anayefunga madirisha wakati wa kula kwa sababu ya banda lako ana haki juu yako, hata kama anakunyamazia kwa haya. Na wewe jirani, kabla ya kwenda kushitaki kwa mjumbe, nenda na nasaha. Huenda mwenzako hajui, kama bibi yule alivyokuwa hajui.

Sikumwambia bibi auze kuku wake. Kumkatia mjane riziki si tiba. Siku ya Jumamosi vijana wawili wa madrasa walimsaidia kulihamisha banda hadi pembe ya mbali ya kiwanja, upande ambao upepo hauelekei dirishani. Sakafu ikainuliwa kwa kifusi, ikapigwa saruji nyembamba, na ndoo ya asubuhi ikabadilishwa kwa reki. Mtoto aliendelea na dawa zake. Sidai kwamba kuku ndio waliomletea ugonjwa, kwa kuwa kifua kubana kuna sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba masika ile haikwisha kwa kumwona tena akibebwa usiku kuletwa zahanati. Na vifaranga waliofuata, wengi walikua.

Kumbuka tu kwamba matandiko mazuri hayachukui nafasi ya chanjo ya kideri na nyinginezo. Ukiona kuku wanakufa wengi kwa ghafla, usichinje wala usiuze. Mwite afisa mifugo.

Ndugu msomaji, leo kabla ya Magharibi nenda bandani kwako, inama, nusa, na uminye konzi moja ya matandiko. Ukavu wake au unyevu wake utakueleza kazi ya kesho asubuhi. Tahara imehesabiwa kuwa nusu ya imani, na nyumba ya Muislamu haiishii ukutani, inafika hadi bandani.